Lango la Juu la Makaburi ya Zemo Gora

Mgeni rasmi, Bwana Zaal Berulava, Mkurugenzi wa Makaburi ya Jiji la Tbilisi;
Maofisa ulioongozana nao;
Majirani wa Zemo Gora, walio juu ya ardhi na walio chini yake:

Umetukuta na mikono iliyolowa, utuwie radhi. Jiwe lililo mbele yako leo tulianza kulisugua saa mbili asubuhi, na jiwe laini kama hili likishaloweshwa haliachwi likauke nusunusu, litashika madoa yasiyotoka tena. Kwa hiyo wakati risala hii inasomwa, mwenzetu Zhuzhuna, mwoka mikate wa mtaa huu, ataendelea kulimwagia maji. Usimwonee haya, yeye hatakuonea.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tumefurahi kuwa dereva wako amekuleta kwa lango la juu. Alifanya vyema. Lango la chini lina ngazi mia mbili na kumi na mbili, tumezihesabu mara nyingi na hazijawahi kupungua. Kiti chako tumekiweka kando ya rundo hili la matofali kwa kuwa hapa ndipo penye kivuli. Matofali ni ya ofisi yako. Tutayarudia baadaye.

HISTORIA

Makaburi haya yana miaka zaidi ya mia na hamsini. Wamelala humu washona viatu, wakunga, waigizaji, wachuuzi wa maji, Wageorgia na Waarmenia, na Mjerumani mmoja aliyetengeneza piano. Kwa miaka mingi hakuna aliyeyaangalia. Miti iliota juu ya watu.

Kikundi chetu kilianza miaka sita iliyopita, siku Guram, fundi lifti mstaafu, alipokuja kusafisha kaburi la mama yake akitumia siki. Siki ilikula herufi mbili za jina la mama. Alikaa pale mpaka jua likazama, na kesho yake akaenda maktaba kusoma jinsi mawe yanavyosafishwa. Jiwe hilo ni namba moja katika daftari letu, na kila mwanachama mpya huonyeshwa hilo kwanza, kabla hajapewa brashi.

MAFANIKIO

Mpaka leo tumesafisha mawe mia tatu arobaini na moja kwa maji na brashi laini tu. Tumechora ramani ya makaburi yote nyuma ya karatasi za ukutani zilizobaki nyumbani kwa Zhuzhuna. Tuna daftari la wanaoingia: jina, kaburi analotafuta, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mwaka jana mtu alitoka Thesaloniki akiwa na picha ya nyanya yake tu, na kabla ya chakula cha mchana tukawa tumemfikisha.

HABARI YA MAMA LAMARA

Mgeni rasmi, jambo hili si mafanikio, wala hatuwezi kuliita changamoto. Tumelipa kichwa chake chenyewe.

Mama Lamara, yule aliyeketi pale na kitambaa cheusi, ana miaka themanini na mitatu na macho yake yana ukungu. Mumewe Shota amelala hapa. Kila Jumatatu ya Pasaka, kama sisi sote, yeye huja na mayai mekundu na chupa ya divai. Huviringisha yai juu ya kaburi, humwambia marehemu kwamba Kristo amefufuka, kisha humwaga divai na kuzungumza naye. Hatafuti jina, kwa sababu mawe yote yalikuwa yamevaa ukoga uleule wa kijani. Anaingia kwa lango la juu, anashika ukuta kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anahesabu vigeti vya chuma vya uzio wa kila kaburi, kimoja kimoja. Cha kumi na nne ni cha Shota.

Miaka minne iliyopita wezi wa vyuma waliiba vigeti vitatu. Mama Lamara hakuambiwa, naye akaendelea kuhesabu mpaka kumi na nne.

Mwezi uliopita tulipofika kwenye jiwe hili, ambalo yeye hulimwagia divai, jina la kwanza likatokea: Ilarion. Guram alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Siku tatu tulibishana nani amwambie.

"Wewe ndiye mwenyekiti," Zhuzhuna akasema.

"Wewe ndiye mwenye mdomo," Guram akajibu.

"Mdomo wangu ni wa kugombana na wanunuzi wa mkate, si wa kumvunja moyo bibi wa watu. Nenda, mwanamume! Lifti ulizipanda ghorofa kumi na sita hukuogopa, unaogopa kikongwe?"

Walikwenda wote wawili nyumbani kwake. Mama Lamara aliwasikiliza mpaka mwisho huku akimenya jozi. Kisha akauliza, "Pasaka ngapi?"

"Nne, Mama," Guram akasema.

"Pasaka nne!" Akajipiga kwenye paja. "Nimemgombeza miaka minne kwa paa linalovuja, nimemtajia kila jirani aliyeniudhi, nimemlaumu hata kwa ile pikipiki aliyonunua bila kuniuliza. Na mtu wa watu hajanijibu hata neno moja. Ningepaswa kujua si Shota! Shota angekuwa ameshajibu."

Zhuzhuna alicheka mpaka akashika meza. Mama Lamara naye alicheka, kisha akarudia kumenya jozi. Akasema kwa sauti ndogo, "Na Shota wangu je? Miaka minne koo kavu, ananisikia makaburi matatu mbele nikimnywesha mwingine."

Guram akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya wezi. Mama Lamara akamshika mkono. "Nikufie, mwanangu, acha. Pasaka hii nitaleta chupa mbili. Kwanza Shota, maana anadai. Kisha huyu Ilarion. Mgeni aliyekwisha kukaa mezani kwangu miaka minne, nitamwambia nini, ainuke? Ila nisomeeni jina lake lote. Siwezi kumtakia heri mtu kwa jina nusu."

Hilo ndilo jiwe tunalolisugua.

CHANGAMOTO

Ukarabati unaofanywa hapa na ofisi yako ni mkubwa na mzuri. Ngazi za chini zimejengwa upya, maji yamefika. Katika mpango huo, lango la juu litazibwa kwa matofali, na mwashi ataanza kesho saa nne.

Hatusemi ofisi imekosea. Vigeti vile vitatu vilitokea hapa. Magari ya wezi wa mawe yaliingilia hapa. Nguzo ya kulia imeegama, na majira ya baridi jiwe lilianguka kutoka juu yake. Tungekuwa ofisini, tukiitazama ramani tu, pengine nasi tungeliziba.

Lakini magoti ya Mama Lamara hayapandi ngazi mia mbili na kumi na mbili. Na hata tukimbeba, jambo ambalo Guram amejitolea na mgongo wake umekataa, akitokea chini hatajua pa kuanzia kuhesabu. Njia ya kwenda kwa Shota aliyo nayo kichwani inaanzia kwenye nguzo hii. Katika daftari letu wako wazee thelathini na wanane wanaoingilia hapa.

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Kwa matofali yale yale, mwashi yule yule ajenge nguzo ya kulia badala ya kuziba uwazi. Guram amepima: yanatosha na yatabaki. Lango jembamba la chuma, mtu apite na gari lisipite, tayari amelichomelea nyumbani kwake. Ufunguo ukae ofisini kwako na wa pili kwetu, tufungue saa tatu na kufunga saa kumi na moja, zamu kwa zamu, na daftari uletewe kila mwisho wa mwezi. Chuma kingine kikitoweka, uje uzibe, nasi tutakupokelea matofali.

NENO LA MWISHO

Mgeni rasmi, baada ya hapa kuna mkate wa Zhuzhuna, jibini, na divai ya mtungi wa Guram. Mama Lamara ameomba akae karibu nawe. Usiogope, leo hatagombeza mtu.

Jiwe tutalifunika kwa gunia bichi. Jina la ukoo limetoa herufi tatu, na chini yake ukoga ni mnene. Kwa siku moja halipokei zaidi ya upana wa kiganja, na leo kiganja kimeisha. Kesho tutaanza saa mbili kama kawaida. Ndoo zetu zitakuwa pale langoni mwashi atakapofika, naye atatuuliza aanzie wapi. Tungependa tuwe na la kumjibu.

Mungu akupe miguu isiyochoka kupanda, na kila alipolala mtu wako, akuachie mlango wa kupitia.

Ni sisi,
Wana Brashi na Ndoo wa Zemo Gora