Bi Chekeche, Mhakiki wa Mali za Wanaoachana

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imemtuma mdogo wake, wa pili kuzaliwa, asome safari ya maisha yake, naye anaomba mumvumilie pale sauti itakapomgomea, kwa kuwa sehemu ya habari hizi inamhusu yeye mwenyewe, na haimpambi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akafuatiwa na wadogo watatu aliowabeba kwa zamu hadi, kwa maneno yake mwenyewe, mgongo ukajua kuchoka kabla haujajua kunyooka. Alianza shule ya msingi Januari 1965, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1972 na kumaliza 1975, akisifiwa kwa hesabu na kulaumiwa kwa ubishi, kwa sababu alipopewa alama nyingi kuliko alizostahili alimrudishia mwalimu karatasi azipunguze, jambo lililowaudhi sana wenzake ambao nao walikuwa wameongezewa.

Alipopata cheti cha uhasibu mwaka 1978 alikuwa karani wa mishahara katika kinu cha unga, mpaka tarehe 2 Februari 1983 alipoajiriwa mahakamani, chumba namba nane, ghorofa ya kwanza, chenye dirisha moja lisilofunguka, kazi yake ikiwa kuhakiki matamko ya mali ya mume na mke wanaoachana. Kila mmoja anaapa kuwa ana hiki na kile tu, naye anabaki na kiapo hicho mezani, akikilinganisha na taarifa za benki, hati za mshahara, kadi za magari na vitabu vya ofisi ya ardhi, akitafuta kilichosahauliwa, na kile kilichosahauliwa makusudi. Alimkuta mwanamume aliyeapa kuwa hana mbele wala nyuma huku akilipia bima malori mawili, akamkuta pia mwanamke aliyemwandikisha shangazi yake kuwa mwenye duka, miaka sita baada ya kumzika, ndipo makarani wakambatiza Bi Chekeche, kwa kuwa chenga hazikumpita. Jina alilipenda, ila kazi ilimla, kwani alirudi jioni akiwa ameshinda anasikiliza matusi ya watu waliowahi kupendana, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda robo saa nzima.

Tarehe 17 Agosti 1985 alifunga ndoa na fundi umeme, ambaye yupo hapa nasi, na ambaye kwa miaka thelathini na saba alikuwa akiwaambia rafiki zake, "Mimi nikichelewa kurudi sijielezi, natoa risiti." Walijaliwa binti mwaka 1987 na mwana mwaka 1990.

Mwaka 2004 mdogo wake huyu anayesoma aliachana na mkewe, na faili lilipofika chumba namba nane marehemu alitangaza undugu siku ileile, likapewa mwenzake, likapita. Nyumba ya kupangisha ya vyumba sita haikuwamo katika tamko, kwa kuwa mdogo wake alikuwa ameiandikisha kwa jina la mama yao, na marehemu asingejua kama mama asingemletea ankara ya kodi ya jengo amsomee, akilalamika kuwa anadaiwa nyumba ambamo hajawahi kulala hata usiku mmoja. Marehemu alimfuata mdogo wake kwenye duka lake la vipuri, akasubiri wateja waishe.

"Andika upya tamko lako. Nakupa siku saba."

"Dada, damu nzito kuliko maji."

"Na watoto wako watatu waliobaki na wifi yangu, wao mishipani mwao mna maji?"

Mdogo wake alicheka, akidhani ni maneno ya dada, yatapita. Siku ya nane marehemu aliandika barua kwa hakimu, akatia sahihi jina lake kamili, na nakala akamletea mdogo wake mkononi, ili asije akazisikia habari kwa watu. Kesi ilifunguliwa upya, nyumba ikagawanywa, watoto wakabaki shuleni, na marehemu akabaki peke yake, kwani mama alikataa simu zake mwaka mzima, na mdogo wake hakumpa hata salamu kwa miaka kumi na moja, mpaka msiba wa mama ulipowakutanisha mwaka 2015. Ni katika miaka hiyo alipoanza kupanda ngazi za mahakama akipumzika kila ngazi ya nne.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017, na mwaka 2019 figo zake zikashindwa, ikawa lazima asafishwe damu mara tatu kwa wiki, na kwa kuwa macho ya mumewe yalikuwa yamefifia, mdogo wake aliomba awe ndiye anayempeleka. Asubuhi moja, garini, alijikaza akauliza.

"Dada, ile barua, haikuwa vigumu kuiandika?"

"Nimehakiki watu elfu mbili na ushei, nikalala. Wewe tu ndiye uliyeninyima usingizi."

"Si ungeacha tu?"

"Ningeweza. Na leo ukinirudisha pale pale, nitaiandika tena. Endesha, mwanangu, nimechoka."

Hakudai kuombwa radhi, na mdogo wake, kwa woga, hakuomba, kila siku akijiambia kesho, hadi tarehe 3 Oktoba 2022, saa tatu asubuhi, dada yake alipofariki akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkono mmoja ukiwa umeshikwa na mumewe na mwingine na wifi yake yule yule, mdogo wake akiwa bado nje anatafuta mahali pa kuegesha gari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliojua mishipa yake kuliko sisi, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake wa mahakamani, hasa yule aliyelipitisha faili lile na hakumwekea marehemu kinyongo lilipofunguliwa upya. Mdogo wake naye anaomba atamke hapa, mbele ya watoto wake watatu walioketi safu ya kwanza, kwamba alificha, kwamba aliapa uongo, na kwamba dada yake hakumwonea.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na wadogo watatu.

Dada, kazi imekwisha. Lala kwa amani, upumzike.