Uji wa Kunywewa Mbele ya Watu

Mheshimiwa Burugumesta, mkuu wa komuni yetu, Padri wetu uliyeteremka kutoka Nyundo, Shehe wetu wa Mbugangari, ndugu wageni waalikwa, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mnaovumilia jua kwa ajili yetu: karibuni Rugerero, tufungue jiko la shule.

Mimi ni Verediane, mwalimu mkuu, yule aliyerudi Rwanda kutoka Tanzania na Kiswahili chake cha redio. Nitasema wazi. Watoto wetu wana njaa. Vita vimetulia juzi tu, mashamba yalilala, na darasa la pili lina watoto waliovimba miguu, nywele zimebadilika rangi. Hilo si la kuonea aibu. Aibu iko wapi basi?

Muhula uliopita tulipika uji wa mtama na soya juu ya mafiga, pale nyuma. Teta, msichana wa darasa la pili, alipopewa kikombe alijibu kwa upole, "Asante mwalimu, nimekula nyumbani." Kabla ya kengele akaanguka. Nani alimfundisha jibu hilo? Si sisi? Tumewalea wakijua kwamba mtoto mwenye adabu hali kwa watu, na kwamba mtu mzima wa heshima haonekani akitafuna.

Kesho yake mama yake, Nyirarukundo, muuza nyanya wa mpakani, alinijia kama moto. "We mwalimu, mutoto yangu si mwombaji! Kwangu chakula iko!" Nikamwuliza, "Iko, mama?" Akalia, nami nikalia naye. Nikamwambia alete chochote alicho nacho, apike mwenyewe. Akafuta macho. "Bon, sawa. Lakini mwiko nashika mi, hakuna mutu mwingine."

Akaja na kuni kichwani na sufuria yake mkononi, akapika. Teta akanywa, kwa kuwa sufuria ilikuwa ya mama yake. Wengine wakafuata: wenye mashamba wakaleta mtama, wafanyabiashara sukari, wanaovuka mpaka kwenda Goma soya, na asiye na kitu akachota maji. Kwa hiyo msiniambie jiko hili ni la msaada. Ni la kwetu, na halitazimika nikiwa hai!

Hata hivyo, wapo watoto ambao bado wanamwaga uji nyuma ya darasa, kwa siri. Nimewaona, na imeniuma sana. Sikubali mtoto mwingine aanguke kwa sababu ya adabu yetu.

Mheshimiwa, kwa desturi ningekuandalia ofisini, nifunge mlango, ule bila kutazamwa. Leo ofisi imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwangu. Kikombe chako ni hicho cha plastiki, sawa na vyao, na macho yao yote yako kwako. Ukinywa, watakunywa. Ukisema umekula nyumbani, nao watasema vivyo hivyo.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mama Teta, mjazie Mheshimiwa kikombe.