Elieza Wilondja, Aliyetia Ukoko Katika Kila Filamu

Marehemu Elieza Wilondja alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 katika kijiji cha Mboko, ng'ambo ya ziwa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Asukulu na Mama Leonia. Mama Leonia alikuwa na sheria yake: mtoto anayelia wakati wa chakula ndiye anayepewa ukoko, apate cha kutafuna anyamaze. Stephania, mdogo wa pekee wa Elieza, alikula ukoko mwingi.

Elieza alisoma shule ya msingi Mboko, kisha sekondari Baraka hadi 1986, baba yao alipofariki. Mwaka 1988 alipata kazi katika banda la video pale Baraka. Filamu zilikuwa za Kihindi na za Kichina. Elieza alisimama kando ya televisheni akizisimulia kwa Kiswahili. Stephania aliuza karanga mlangoni, akazitazama zote mpaka akazikariri.

Tarehe 3 Novemba 1996, wakikimbia vita, yeye na Stephania walipakiwa katika mitumbwi tofauti. Wa Elieza ulifika Katonga, pwani ya Kigoma. Wa Stephania haukujulikana ulikoishia. Elieza alimuulizia kwa kila aliyeshuka pwani, hadi Februari 1997 alipopelekwa kambi ya Lugufu.

Kambini hapakuwa na umeme. Watu walidai filamu zao, naye akaanza kuziandika kuwa riwaya katika madaftari. Kurasa za mwisho aliziacha wazi: kila msomaji aliandika jina, kijiji cha kwao na kambi aliyopo, ndipo amwazime mwingine. Na katika kila riwaya, hata ya karate, kulikuwa na mtu aliyelia akila, akapewa ukoko.

Jirani yake, Feliksi, hakumwacha apumue.

"Elieza, huyu kapiga watu arobaini, halafu anakaa analia na ukoko? Wachina nao wana ukoko?"

"Kwangu wanao."

"Na ule wimbo kaka na dada wanapokutana? Umeukata! Siku ile ulisinzia?"

"Sikusinzia. Stephania akiusoma huo ukoko, atajua ni mimi."

Machi 1998 Martini, dereva wa lori la maji, alilichukua daftari la saba hadi kambi ya Nyarugusu. Huko lilikuwa likisomwa kwa sauti kwenye foleni ya chakula. Msomaji alipofika pale kaka na dada waliopoteana wanapokutana, mwanamke mmoja alidakia, "Hapo wanaimba!"

"Hapa hawaimbi, dada. Dada mtu analia, kaka anamsogezea ukoko."

Mwanamke yule aliacha foleni, akalipokonya daftari. "Ukoko huo ni wa mama yangu! Aliyeandika ni kaka yangu!"

Daftari lilirudi Lugufu tarehe 11 Oktoba 1998. Jina la mwisho lilikuwa hili: "Stephania Asukulu, wa Mboko, nipo Nyarugusu. Ukoko nimeula. Njoo." Kibali cha safari kilipotoka, tarehe 2 Novemba wakakumbatiana. Feliksi, aliyemsindikiza, aliuimba wimbo uliokatwa, wote, bila kuombwa. Tangu hapo watu walianza kusoma madaftari kutoka nyuma, na familia nyingine kumi na nne zikapatana.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Devota, mwenyeji wa Kigoma, muuguzi aliyekuwa akimnakilia madaftari. Walijaliwa watoto wawili, wakahamia Katubuka, ambako Elieza aliendelea kuandika.

Mwaka 2018 alianza kuugua figo. Wodini aliomba kalamu kabla ya chai. Riwaya ya thelathini na saba aliimaliza tarehe 2 Februari 2021. Ukoko uko ukurasa wa 88. Alifariki tarehe 9 Februari, akiwa na miaka 52, mkono wake ukiwa katika mkono wa Stephania.

Ameacha mjane, Devota. Watoto, Jonathan na Selina. Dada yake, Stephania. Na rafiki yake, Feliksi, ambaye leo ataimba.

Stephania ameomba masufuria ya chakula cha leo yasisuguliwe. Atakayelia atapewa ukoko.

Pumzika kwa amani, Elieza. Tumekujua.