Lita Mbili za Oiva Kuukasjärvi

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 23 Machi 2024, ni Oiva Aukusti Kuukasjärvi, fundi na muuza oili wa Savukoski, huku kaskazini kwenye theluji, kwa miaka thelathini na moja. Wasifu huu nimeuandika mimi, mkewe Helvi. Anayeusoma ni binti yetu Sanelma, kwa sababu sauti yangu haitafika mwisho.

Oiva alizaliwa tarehe 14 Septemba 1948, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Vihtori na marehemu Mama Saima. Alizaliwa katika sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kwa kuwa nyumba yao iliyochomwa wakati wa vita ilikuwa bado haijaezekwa upya. Baba yake alifuga kulungu arobaini, wale wa nchi za theluji, na alikuwa na pikipiki moja iliyowaka siku ilipopenda. Mama Saima alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijifunza kusimama kwa kushika gurudumu la pikipiki hiyo.

Alisoma shule ya msingi hapa Savukoski, kisha mwaka 1964 akaenda shule ya ufundi Rovaniemi, akahitimu ufundi wa magari mwaka 1967. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti ya mwisho: "Ana mikono mizuri na maswali mengi mno." Ripoti hiyo ninayo. Alitumikia jeshi Sodankylä mwaka 1968, akitengeneza malori, na baada ya hapo alifanya kazi katika gereji za Kemijärvi hadi mwaka 1984, aliporudi nyumbani kufungua duka na gereji yake.

Wengi wenu mlisimama mbele ya kaunta ile. Watu wa huku tumezoea kuchagua oili kwa kuangalia baridi. Anayeamka kukiwa na nyuzi arobaini chini ya sifuri hutaka oili nyepesi, inayozunguka ndani ya injini kabla betri haijafa, na akishaipata huitia kila mahali, kama mtu aliyegundua chumvi. Oiva alipambana na mazoea hayo maisha yake yote ya kazi. Alieleza, bila kuchoka, kwamba injini ya gari ina oili yake peke yake, lakini katika pikipiki nyingi oili ileile hulisha injini, gia na klachi. Oili nyepesi za magari ya siku hizi nyingi hutiwa dawa ya utelezi ili gari litumie mafuta kidogo. Dawa hiyo ikifika kwenye sahani za klachi, sahani hazishikani tena. Ndiyo maana kwa pikipiki alitafuta kwenye kopo herufi mbili, M na A, alama ya oili isiyotelezesha klachi, hata kama kopo la pembeni lilikuwa zuri zaidi na nafuu zaidi. Kwa mashine za porini za magurudumu manne alifungua kwanza kitabu chake, maana nyingine huendeshwa kwa mkanda mkavu na nyingine zina klachi inayoogelea ndani ya oili kama ya pikipiki.

Hakumuuzia mtu kabla ya kumuuliza: "Klachi yako inakunywa nini?" Nakumbuka siku Jalmari, mfugaji wa kulungu, alipokuja na haraka zake.

"Nipe ya bei rahisi, Oiva. Hii ni pikipiki, si mke wangu."

"Mke wako akichoka anakwambia. Hii itakwambia ukiwa mlimani."

"Wangu naye hunikuta mlimani, bwana. Ananipigia simu."

Jalmari aliondoka anacheka, lakini oili aliyoitaka hakuipata.

Tulikutana Kemijärvi kwenye ukumbi wa dansi mwezi Agosti 1975, nilipokuwa mwalimu mpya wa lugha. Mama yangu, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa, alimwangalia mara moja akasema, "Huyu ananuka gereji." Nilimjibu kwamba wale wasionuka kitu sikuwa nimewaona wakifanya kazi. Tulifunga ndoa tarehe 18 Juni 1977, na Mungu akatujalia watoto wawili, Sanelma na Ilmo. Oiva alikuwa mume mpole. Ugomvi wetu ulikuwa mdogo na wa kusikika jikoni tu. Isipokuwa mmoja, nao lazima niuandike.

Jumamosi ya tarehe 27 Juni 2015, wiki ya kuwatia ndama wa kulungu alama masikioni, duka lilijaa. Tuure Ollila wa kijiji chetu, mfugaji mwenye miaka thelathini na minne, alisimama mlangoni na kuita juu ya vichwa vya watu:

"Mzee Oiva, nipe lita mbili za mashine. Ile ya baridi."

Kwetu neno mashine linabeba kila chenye injini: gari, pikipiki, msumeno, chombo cha kwenda kwenye theluji. Oiva alitazama dirishani, akaona gari la Tuure limeegeshwa nje. Akampa oili ya gari. Siku hiyo moja hakuuliza swali lake.

Jumanne, Tuure alikuwa akifukuza kundi kwa pikipiki, akiwa ameitia oili ile, kwenye mteremko mkali. Klachi ilianza kuteleza. Injini ilinguruma, gurudumu likakosa nguvu, pikipiki ikarudi kinyumenyume na kumwangukia. Uti wa mgongo ulivunjika. Hajasimama tena.

Habari ilipotufikia, Oiva alikwenda kwenye rafu, akatazama pengo la makopo, kisha akakaa juu ya kreti.

"Helvi, ni lita mbili."

"Lita mbili za nini?"

"Hakuna gari linalokunywa lita mbili. Gari linakunywa nne. Mtu akitaka mbili ana pikipiki. Alinitajia kabisa, na mimi nikaangalia gari lake."

"Alitaka ya kuongezea."

"Hakusema kuongezea."

"Basi wewe utasema."

Ilmo alikuwa amekabidhiwa duka mwaka uleule. Nilimwambia Oiva kwamba akikiri, hakuna mteja atakayeingia tena, na jina ambalo baba yake alilibeba bila doa litanyooshewa kidole kutoka hapa hadi Rovaniemi. Alinisikiliza. Mkaguzi wa bima alikuta kasha la injini limepasuka na oili yote imemwagikia kwenye mawe. Aliandika kwamba chanzo hakiwezi kuthibitishwa. Tuure alisema aliuziwa oili isiyofaa. Sisi tulisema aliomba ya kuongezea gari. Kijiji kiligawanyika, na walio wengi walituamini sisi, kwa sababu Oiva hakuwahi kukosea.

Mara mbili alivaa koti aende kwa akina Ollila. Mara ya kwanza nilimzuia mlangoni. Mara ya pili, Novemba 2016, nilimwendesha mwenyewe, kwa sharti kwamba angemjulia hali mgonjwa na si zaidi. Niliteremsha kioo cha gari ili nisikie. Mama yake Tuure alifungua mlango.

"Umekuja kusema nini, Oiva?"

Oiva aligeuka akanitazama.

"Nimekuja kumjulia hali."

"Hali yake iko pale kitandani. Iangalie, kisha uende na mkeo."

Hakuomba tena kwenda. Aliacha kukaa kaunta, na watu wakadhani ni uzee. Duka lenyewe lilifungwa mwaka 2018, si kwa aibu wala kashfa, bali kwa sababu watu walianza kuagiza oili kwa simu na kuletewa hadi mlangoni. Kwa hiyo hata kile tulichokuwa tukikilinda hakikudumu miaka mitatu.

Tarehe 11 Februari 2019 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja: mbili. Wauguzi walikuwa watu wema. Walimletea mito miwili, vikombe viwili vya kahawa, vipande viwili vya mkate wa jibini. Alitikisa kichwa na kulirudia. Mmoja aliniuliza, "Mama, mbili ni nini kwake?" Nikamjibu kwamba ni watoto wake wawili. Oiva alinisikia, akageukia ukuta.

Aliishi hivyo miaka mitano. Nilimlisha, nilimnyoa, nilimsomea gazeti kila asubuhi, na kila asubuhi aliningoja niseme jambo lingine. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, kwa nimonia. Nilikuwa nimemshika mkono wake mzima.

Watu wa ukoo wameniomba niyaache haya. Nimekaa nayo muda mrefu kuliko wao. Nilidhani jina jema ni lile lisilosemwa vibaya, na kwa dhana hiyo nilimnyang'anya mume wangu nafasi ya kuwa mtu mkweli wakati bado alikuwa na ulimi. Kosa la oili lilikuwa la Oiva, kosa la dakika moja la mtu aliyechoka. Kosa la kukaa kimya miaka tisa lilikuwa langu.

Wiki iliyopita nilimwandikia Tuure, ambaye sasa anaishi Oulu, nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Nilimwomba aje leo, au aruhusu tumfuate tuyatamke mbele yake. Alinipigia simu juzi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeulizia ratiba ya basi.

"Mama Helvi, barua nimeipata."

"Nashukuru, Tuure."

"Mama yangu amekufa akiitwa mwongo. Kulungu niliwauza. Sasa niambie, hii habari niifanyie nini?"

Aliniaga kwa adabu, kisha akakata simu. Hayupo hapa leo, wala hakuna mtu wa nyumba yao. Walio kwenye viti vya nyuma wasigeuke kumtafuta.

Oiva ameacha mjane, Helvi. Watoto wawili, Sanelma na Ilmo. Mkwe mmoja, Riikka. Wajukuu watatu, Aapo, Venla na Neea. Na dada yake mdogo, Lempi. Mashada ya maua yatawekwa kwa utaratibu uliochapwa, na kila mtu atasoma maneno ya utepe wa shada lake. Utepe wangu hauna shairi. Una jina lake tu, na miaka yake.

Mungu ampe utulivu ambao mimi, nyumbani kwake, sikumpa.