Muhuri wa Pili Shingoni

Ndani ya gari la nyumbu la kwenda mji wa Theveste kulikuwa na joto la kuoka mkate, lakini askari aliyeketi mbele yangu alikuwa anatetemeka. Shingoni alivaa mihuri miwili ya jeshi la Rumi, vibati vya madini ya risasi, na kila askari huvishwa mmoja tu.

"Huo wa pili wa nani, baba?" aliuliza Mama Namgidde, aliyepakata kapu la zeituni. Sisi wengine tulikuwa na adabu. Yeye alikuwa na umri.

"Wa kijana Mkristo. Alikataa kuvishwa, akasema Kristo alishamtia alama. Nikaamriwa nimkate kichwa. Nami ni Mkristo, mama. Muhuri huu nimeuzika mara tatu, na kila nikiamka ninao."

"Kwani kanisani hukufundishwa usiue hata ukiamriwa?"

"Amri ni amri."

"Haya, uambie muhuri wako hivyo."

Nilijifanya nahesabu zeituni zake.

"Usinitanie, mama. Leo kuna mwingine amekataa, na nimeitwa mimi."

"Basi nawe kakatae!"

Gari likasimama langoni. Askari akashuka, jua likampiga shingoni. Nilihesabu mihuri mara mbili. Ilikuwa mitatu.