Tone la Damu la Papa Sibomana

Tarehe 30 Juni, Papa Parfait Sibomana anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika maabara ya kituo chetu cha afya hapa Mururu. Miaka yote hiyo amechungulia vinyesi vya nusu ya majirani zetu, na bado akawasalimia wenyewe sokoni kwa heshima zote. Si kila mtu angeweza.

Alikulia Bukavu, akarudi nyumbani na diploma moja, suti moja na maneno mengi. Maneno hayajapungua. Aliyefuata jibu la kipimo cha choo aliondoka na somo: kwamba ukutani mwa utumbo kuna seli za kuonja, kama maman anayeonja sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, jikoni. Zikionja uchafu wa mnyoo, hupiga yowe. Utumbo hutoa ute na kusukuma, na damu hutuma askari wake, seli za kinga zenye punje nyekundu. Lakini mnyoo ni mjanja, huwabembeleza askari kama mtu asiyealikwa harusini anayesalimia kila meza mpaka apewe sahani. Ndiyo maana, alisisitiza, mwili husaidiwa kwa kidonge.

Mwaka juzi Maman Mukamurenzi alikataa bintiye Chloé apewe kidonge hicho. Mtoto alikuwa amepauka, akipanda kilima cha shule kwa kupumzika pumzika, nasi tuliogopa kweli. Mama akasimama mlangoni: "Batoto bote biko na nyoka za tumbo. Zikitoka, ni nani atasaga chakula?" Kina mama wenzake waliokuwa foleni wakaitikia.

Papa Sibomana, anayenawa mikono hadi sabuni inaomba likizo, akaamua kuwaonyesha damu ya mtu asiye na mnyoo hata mmoja, yaani yake. Akajichoma kidole, akaipaka damu rangi kwenye kioo, akainamia hadubini. Akaliacha somo katikati. Tunaomjua tulishtuka papo hapo. Askari wenye punje nyekundu walikuwa wamejaa kama waumini siku ya Pasaka. Mganga hajigangi!

Angeweza kusingizia kioo kichafu. Badala yake alimwita yule mama aangalie: "Maman, ona. Ni damu yangu. Miye pia niko nazo." Akakiri kwamba kila alfajiri hulima bustani yake pekupeku, na minyoo mingine hupenya kwenye nyayo. Akameza kidonge mbele ya wote. Maman Mukamurenzi alicheka mpaka akaketi chini, kisha akanyoosha kiganja: "Leta na ya Chloé."

Siku hiyo tulimpenda zaidi kuliko siku zote alizokuwa sahihi. Chloé sasa hupanda kilima akikimbia, na mama yake ndiye anayewahimiza wengine.

Papa Sibomana, asante kwa macho yako, masomo yako marefu na tone lile la damu. Zawadi yetu ni buti za mpira. Tunakutakia maisha mema na bustani yenye neema. Usithubutu kuziacha buti mlangoni: njia ya Chloé kwenda shule inapita kando ya bustani yako, na ameahidi kukagua miguu yako kila asubuhi.