Mguu wa Siku ya Wageni

Kwenye gari la Kayanga, mbele yangu walikaa wawili waliokuwa ndio kwanza wametajiana majina: Bi Nusra, mwenye duka la vitenge, na Yustus, kijana aliyevaa fulana ya shirika iliyoandikwa "Ajira kwa Wote". Mara Yustus akavua mguu wake wa bandia.

"Unakubana, mwanangu?"

"Haunibani, mama. Leo wanakuja wafadhili. Bosi kasema niuache nyumbani, ila bila huo nisingefika barabarani."

"Si ndio hao waliokupa kazi?"

"Ndio hao. Napima kahawa. Nikisimama vizuri kwenye mzani, eti wafadhili hawataona walichosaidia."

Nikageuka kutazama migomba. Kucheka ulemavu wa shirika si adabu.

"Ungekataa."

"Halafu nifanye kazi wapi, mama?"

"Sasa hapo nani anamsaidia nani?"

Gari likasimama Kihanga. Yustus akamwekea Bi Nusra mguu mapajani. "Nitunzie dukani, nitaufuata jioni."

Bosi wake alikuwa akimsubiri mlangoni pa gari na mkongojo mpya, akampokea kwa mikono miwili. "Karibu, Yustus. Kwetu hakuna anayeachwa nyuma."

Gari likaondoka na mguu.